Mazoezi ya kubana damu: jinsi ya kupima presha, kufunga mkanda na kufanya seti

Kosa linalojirudia zaidi katika jimu za mtaani Nairobi ni hili. Mtu anachukua mpira wa tyubu ya baiskeli, anauzungusha katikati ya paja mpaka mguu unaingia ganzi, kisha anakwenda kwenye chuma kilekile kizito anachoinua kila siku. Wiki mbili baadaye ana alama za mpira kwenye ngozi, vidole vya mguu vinamchonyota, na paja ni lilelile. Anawaambia wenzake kwamba mazoezi haya, ambayo wengi huyaita BFR (kifupi cha Kiingereza cha "blood flow restriction"), ni maneno matupu.

Mazoezi yenyewe hayana tatizo. Shida ni kwamba alikaza mkanda bila kupima na akainua uzito usiofaa.

Mkanda ukifungwa sawasawa, damu ya ateri inaendelea kuingia kwa kiasi, na ile ya vena inachelewa kutoka. Mabaki ya kazi ya misuli yanajikusanya, misuli inachoka mapema, na mwili unalazimika kuziamsha nyuzi kubwa za misuli ambazo kwa kawaida huamshwa na uzito mkubwa tu. Ndiyo maana asilimia 20 hadi 40 ya uzito wako wa juu kabisa inatosha. Misuli hukua karibu sawa na ya anayeinua uzito mkubwa. Nguvu nayo hupanda, ingawa hapo uzito mkubwa bado unashinda. Kwa hiyo anayefaidika zaidi ni yule ambaye goti, mshipi wa msuli au mshono wake hauwezi kubeba mzigo kwa sasa.

## Nani asifunge kabisa

Soma sehemu hii hata kama una haraka.

Usifunge mkanda ikiwa umewahi kupata donge la damu mguuni au mapafuni, una mimba, una selimundu (sickle cell), mishipa ya miguu yako imevimba na kujipinda, au una ugonjwa wa ateri za miguu. Usifunge pia palipo na kidonda wazi, maambukizi, saratani, au mfupa uliovunjika ambao haujaunga. Mkono wenye fistula ya kusafishia damu haufungwi kamwe. Aliyetolewa tezi za limfu kwapani baada ya saratani ya matiti asifunge mkono wa upande huo.

Selimundu inatajwa hapa kwa mkazo kwa sababu familia nyingi za Nairobi zina asili ya magharibi mwa Kenya na Pwani, ambako ugonjwa huu uko kwa wingi. Oksijeni inapopungua kwenye damu iliyobanwa, chembe nyekundu hujikunja na kuziba mishipa midogo. Kama kwenu kuna mtu mwenye ugonjwa huu na wewe hujapimwa, pima damu kwanza. Hata anayebeba jeni moja tu aongee na daktari kabla ya kuanza.

Tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni, sigara, unene mkubwa, upasuaji wa karibuni, na kukaa kwenye basi usiku kucha kwenda Mombasa vyote huongeza uwezekano wa damu kuganda. Ukijikuta na mawili au zaidi kwa pamoja, daktari aamue, si mkufunzi wa jimu.

## Vifaa

- Mkanda wa hewa wa nailoni. Wa paja uwe na upana wa sentimita 10 hadi 13, wa mkono sentimita 5 hadi 8. Mfuko wa hewa ndani yake uzunguke mguu wote. Mkanda wa kawaida wa mashine ya presha mfuko wake hufika sehemu tu ya mzunguko, na gundi yake ya kushikana hufunguka msuli unapojikaza.
- Pampu ya mkono yenye geji inayosomeka kwa mmHg.
- Kipimo cha Doppler cha mishipa, yaani kifaa cha kusikilizia damu ikipita, chenye megahezi 8, pamoja na jeli yake. Madukani utaonyeshwa kwa wingi kile cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, chenye megahezi 2 au 3. Hicho kimetengenezwa kusikiliza kwa kina na hakishiki vizuri ateri ndogo ya kifundo cha mguu. Soma namba iliyoandikwa kwenye kichwa cha kifaa kabla ya kulipa.
- Mashine ya presha ya mkono.
- Tepu ya fundi wa nguo, saa inayoonyesha sekunde, na daftari.
- Uzito mwepesi unaojulikana kilo zake. Dambeli za saruji za jimu za mtaani mara nyingi hazina namba, au zina namba ya kubahatisha. Zipime kwenye mizani. Usipokuwa na dambeli, jerikeni la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5 na ushee, na unapunguza kilo kwa kumwaga lita.
- Suruali nyembamba ya kubana, au kipande cha soksi pana, ya kuvaa chini ya mkanda.

Kama unatoka kwenye jeraha au upasuaji, mtafute mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Anaweza kukupimia presha ya kufunga (imeelezwa Hatua ya 3) mara ya kwanza hata kama mazoezi utayafanyia nyumbani.

## Hatua ya 1: Kagua mwili siku hiyohiyo

Keti dakika 5, kisha pima presha ya damu. Ikiwa 140/90 au zaidi, muone daktari kabla ya kuanza programu. Ikiwa 160/100 au zaidi, siku hiyo usifunge.

Linganisha mashavu ya miguu kwa macho na kwa mkono. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na unaouma ukiubonyeza, unaweza kuwa na donge la damu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo tegemea joto, uvimbe na maumivu kuliko rangi.

Kunywa maji na uwe umekula. Anayefanya asubuhi kwa njaa ndiye huzirai mara nyingi mkanda unapofunguliwa.

## Hatua ya 2: Weka mkanda mahali pake

Mguuni, mkanda unakaa juu kabisa ya paja, karibu na kinena. Mkononi unakaa juu ya msuli wa mbele wa mkono, chini ya kwapa. Ni sehemu hizo mbili tu. Usifunge katikati ya paja, chini ya goti, wala kwenye kigasha: chini ya goti neva inapita juujuu pembeni mwa mfupa, na ikibanwa wayo unaweza kushindwa kuinuka kwa siku kadhaa.

Laza kitambaa kisiwe na mikunjo. Zungusha mkanda ukiwa hauna hewa, uvute mpaka vidole viwili viingie kwa shida kati yake na paja. Ukiufunga umelegea utahitaji hewa nyingi zaidi, nao utateleza kuelekea goti katikati ya seti.

Ukifika sawa: unaweza kutembea hatua kumi na mkanda haujashuka.

## Hatua ya 3: Tafuta presha ya kufunga

Hapa ndipo watu huruka, na hapa ndipo kila kitu kinaharibika. Presha ya kufunga ni ile ambayo ikifikiwa, damu ya ateri haipiti kabisa. Inategemea unene wa paja lako, presha yako ya damu, upana wa mkanda, na jinsi mwili ulivyokaa. Paja nene linahitaji presha kubwa zaidi. Mkanda mpana unahitaji ndogo zaidi. Ndiyo maana namba ya rafiki yako haikufai, hata kama mnanunua suruali saizi moja.

Lala chali, au kaa vile utakavyokaa wakati wa zoezi. Tulia dakika 5 hadi 10.

Weka jeli nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, kwenye bonde lililo kati ya mfupa na mshipi wa kisigino. Gusisha kichwa cha Doppler kikiwa kimelazwa kama digrii 45, kikielekea juu ya mguu. Kisogeze polepole, milimita kwa milimita, mpaka usikie mvumo unaopiga pamoja na moyo. Usikibonyeze kwa nguvu. Ateri hapo iko juujuu na utaifunga mwenyewe. Ukishindwa kuipata, jaribu mgongo wa wayo, kati ya kidole gumba na cha pili, ukipanda juu. Kwa mkono, sikiliza kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, pale unapohesabia mapigo.

Jaza hewa hadi 50 mmHg. Ongeza 10 kwa mara, ukisubiri mapigo mawili matatu kila unapoongeza. Sauti itabadilika, itadhoofika, kisha itapotea. Andika namba ambayo sauti ilipotea. Toa hewa kidogo kidogo na uandike namba ambayo sauti ilirudi. Namba hizo mbili zikipishana kwa zaidi ya 10, toa hewa yote, pumzika dakika 2, urudie. Tumia ile ya sauti kupotea.

Usikae kwenye presha hiyo ya kufunga kabisa kwa zaidi ya sekunde 30. Unaipima tu; hufanyii kazi hapo.

Onyo: ukipima umelala kisha ukafanya zoezi umesimama, mahesabu yatadanganya. Kusimama huinua presha inayohitajika kufunga mguu, hivyo asilimia 60 ya kulala inakuwa chini ya 60 ukisimama. Pima katika mkao wa zoezi lako kuu.

Kifaa cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusaidia kwa mkono: mawimbi yanapopotea kwenye kioo, ateri imefunga. Kwa mguu usikitegemee, hasa asubuhi za baridi za Julai vidole vya miguu vinapokuwa kama barafu.

## Hatua ya 4: Hesabu presha ya kazi

Kwa mguu tumia asilimia 60 hadi 80 ya presha ya kufunga. Kwa mkono, asilimia 40 hadi 50.

Mfano: presha ya kufunga ya mguu wako ni 180. Wiki ya kwanza fanya kazi kwa 180 × 0.6, yaani 108. Ukizoea, asilimia 70 ni 126. Asilimia 80 ni 144, na wengi hawahitaji kufika huko. Kwa mkono wenye presha ya kufunga ya 130, nusu yake ni 65.

Kupandisha juu ya 80 hakuongezi misuli. Kunaongeza maumivu na hatari. Ukiona zoezi ni rahisi mno kwa asilimia 70, kasoro iko kwenye uzito au kwenye mapumziko marefu, si kwenye hewa.

Rudia kupima presha ya kufunga kila wiki. Baada ya upasuaji uvimbe hupungua siku baada ya siku, na baadaye paja linanenepa. Namba ya wiki tatu zilizopita si yako tena.

## Hatua ya 5: Chagua uzito

Lengo ni asilimia 20 hadi 40 ya uzito ambao ungeweza kuinua mara moja tu. Usijaribu kuinua mara moja kwa mguu ulioumia. Fanyia hesabu mguu usioumia.

Tafuta uzito unaoweza kuinua vizuri mara 10 kisha ushindwe. Gawanya 10 kwa 30, jumlisha 1, uzidishe na kilo hizo. Uzito wa kilo 20 mara 10 unakupa makadirio ya kilo 26.7. Asilimia 30 yake ni kilo 8. Anza hapo, au chini yake ikiwa mguu umeumia.

Zoezi la kwanza liwe la kiungo kimoja na la kukaa: kunyoosha goti kwenye mashine au na uzito uliofungwa kifundoni. Skwati na kupanda ngazi vinafuata baada ya wiki moja au mbili, ukishajua mwili wako unaitikiaje.

## Hatua ya 6: Fanya seti nne

Jaza hewa hadi presha ya kazi. Anza mara moja.

Seti ya 1: marudio 30.
Pumzika sekunde 30.
Seti ya 2: marudio 15.
Pumzika sekunde 30.
Seti ya 3: marudio 15.
Pumzika sekunde 30.
Seti ya 4: marudio 15.

Jumla ni 75. Inua kwa sekunde 2, shusha kwa sekunde 2. Hiyo ni dakika 5 za kazi na dakika moja na nusu ya mapumziko, hivyo mkanda unakaa kama dakika 6 na nusu. Usizidishe dakika 10 kwa zoezi moja la kuinua uzito.

Wakati wa sekunde 30 za mapumziko mkanda unabaki na hewa. Wengi hufungua hapo kwa sababu ndipo panapochoma zaidi, na wakifungua, yale yaliyokuwa yakijikusanya yote yanaondoka na seti inayofuata inaanza upya. Badala ya kufungua, tazama geji. Pampu ndogo za mkono huvuja, na mwendo wa msuli hulegeza mkanda. Ikiwa imeshuka kwa 10 au zaidi, ongeza.

Ukipumzika dakika moja badala ya sekunde 30 kwa wiki ya kwanza, hakuna ubaya.

Kinachotarajiwa: marudio 30 ya kwanza yanaonekana mepesi hadi karibu na la 20. Seti ya pili inaanza kuwaka. Ya tatu msuli umejaa na mishipa imejitokeza. Ya nne unafika la 12 au 13 ukisukuma kwa jitihada, na huenda usiyamalize yote. Usipoyamaliza, simama; wiki ijayo utafika. Ukiyamaliza yote 75 ukizungumza na jirani yako, uzito ni mdogo.

Moto unaotarajiwa uko ndani ya msuli unaofanya kazi. Maumivu chini ya mkanda wenyewe, ganzi, mchonyoto wa vidole, au mguu kuwa baridi si sehemu ya zoezi. Fungua papo hapo.

Katikati ya zoezi la kwanza, fanya jaribio hili: bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu, au nyama ya wayo, mpaka ipauke, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 3. Chagua ukucha au wayo kwa sababu ngozi nyeusi ya paja haitakuonyesha kitu.

## Hatua ya 7: Fungua na kagua

Toa hewa yote mara tu seti ya 4 inapoisha, hata kama una zoezi lingine. Pumzika dakika 3 hadi 5 bila mkanda kubana, ndipo ujaze tena. Kwa siku za mwanzo zoezi moja linatosha. Baadaye mawili kwa mguu, si zaidi. Usifunge mikono na miguu kwa wakati mmoja.

Kaa kitini dakika 5 hadi 10 kabla ya kuondoka. Damu inarudi kwa wingi na presha ya damu inaweza kushuka. Kizunguzungu kikikukuta umesimama kwenye mlango wa matatu ni hatari.

Mchomo unapaswa kupungua ndani ya dakika moja au mbili. Paja litabaki limejaa kwa muda. Doti ndogo za damu chini ya ngozi, mahali mkanda ulipokaa, hutokea kwa baadhi ya watu mwanzoni na hupotea. Zikizidi kila mara, presha ni kubwa au kitambaa kina mikunjo.

Maumivu ya kawaida ya misuli huja baada ya siku moja na huisha ndani ya siku mbili tatu. Kuna dalili tatu ambazo ukiziona unakwenda hospitalini bila kungoja kesho: mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola pamoja na misuli iliyovimba na kudhoofika; shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma; na kifua kinachobana au pumzi kukata. Ya kwanza ni ishara kwamba misuli imeharibika kiasi cha kutishia figo, na huwapata zaidi wale wanaoanza kwa fujo, wanaojilazimisha kufika kwenye kushindwa kabisa siku ya kwanza, au wanaofanya wakiwa hawajanywa maji.

## Ratiba

Mara 2 au 3 kwa wiki, na siku moja katikati. Mabadiliko ya kuonekana huanza kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne.

Pima mzunguko wa paja sentimita 10 juu ya ukingo wa juu wa kilegesambwa (mfupa wa mbele wa goti), msuli ukiwa umelegea, kabla ya mazoezi. Ukipima baada ya mazoezi unapima uvimbe wa muda na utajifurahisha bure. Pamoja na tepu, hesabu ni mara ngapi unaweza kuinuka kitini bila kutumia mikono ndani ya sekunde 30. Kwa mzee au mama mwenye magoti yaliyolika, namba hii ya kitini ina maana zaidi kuliko sentimita za paja.

Marudio yote 75 yakikamilika vizuri kwa siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza uzito kwa asilimia 5 hadi 10. Ongeza kimoja tu: uzito, au presha. Ukiongeza vyote na mguu ukalalamika, hutajua kilichoukosea.

## Kwa waliofanyiwa upasuaji wa goti

Wachezaji waliokatika ligamenti ya ACL, ile iliyo ndani ya goti, ndio wanaoulizia zaidi mazoezi haya, na wana sababu. Baada ya upasuaji msuli wa mbele wa paja hunyauka haraka, goti likiwa halijaruhusiwa kubeba mzigo ambao ungeuzuia kunyauka.

Usianze kabla daktari aliyekupasua hajakubali. Anaangalia kwamba kidonda kimefunga, hakuna donge la damu, na uvimbe unashuka. Wiki za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya kuganda kwa damu, kwa hiyo ruhusa hii isiwe ya kukisia.

Hatua ya awali inaweza kuwa kufunga bila zoezi lolote, chini ya macho ya mtaalamu: dakika 5 mkanda una hewa, dakika 3 hadi 5 hauna, kwa mizunguko 3 hadi 5. Hii haijengi msuli. Inapunguza kasi ya kunyauka. Kisha inafuata kukaza paja goti likiwa limenyooka, kuinua mguu ulionyooka, na baadaye kunyoosha goti kwa uzito.

Kwa kunyoosha goti na uzito, mshono mpya wa ligamenti huvutwa zaidi goti linapokaribia kunyooka kabisa. Kwa hiyo mwanzoni wataalamu wengi huruhusu kutoka digrii 90 hadi 45 tu. Pembe yako na wiki yako ya kuanza vitaamuliwa na waliokutibu. Ukiona goti limevimba asubuhi inayofuata, rudi nyuma kwenye uzito uliopita.

Usifunge mguu usioumia ili miguu ilingane. Huo ufanye uzito wa kawaida.

## Kutembea na mkanda

Zoezi hili ni la wasioweza kuinua hata kilo 2. Tumia presha ya kazi ileile, tembea mahali tambarare kwa mwendo wa mtu anayeongea bila kuhema, dakika 5 kisha hadi 20 ukizoea. Chagua njia isiyo na mteremko wala msongamano. Vijia bapa vya msitu wa Karura asubuhi vinafaa kuliko kando ya barabara. Usiende peke yako siku za kwanza.

## Usipokuwa na Doppler wala mkanda wa hewa

Njia hii ni kwa mtu mzima wa afya pekee, asiye na jeraha wala tatizo lolote la orodha ya mwanzo. Tumia bendeji ya magoti ya wainua vyuma, yenye upana wa kama sentimita 7.5. Izungushe juu ya paja, na ujiulize imekaza kiasi gani, 0 ikiwa haijakaza na 10 ikiwa maumivu makali. Simama kwenye 7 kwa mguu; kwa mkono, 5 au 6.

Kisha tafuta mapigo kwenye kifundo cha mguu kwa kidole. Yasiposikika, legeza. Ikiwa inauma kabla hujaanza kuinua, legeza.

Mpira wa tyubu usiutumie hata kwa dharura. Ni mwembamba, hivyo unahitaji kukazwa sana ndipo uathiri damu, na nguvu hiyo yote inaangukia mstari mmoja wa ngozi na neva. Kamba ya kiatu na mkanda wa suruali ni hivyohivyo.

## Yakienda mrama

Ukishindwa kufika 20 katika seti ya kwanza, tafuta sababu kwa mpangilio huu: uzito, kisha presha, kisha mahali mkanda ulipo. Mara nyingi ni uzito. Kuna anayeona aibu kushika kilo 4 mbele ya watu.

Ukihisi ganzi kila mara upande mmoja wa paja, huenda ukingo wa mkanda unabana kinena. Ushushe sentimita moja au mbili.

Ikiwa msuli hauwaki kabisa na geji inasoma sawa, mkanda uliteleza ukashuka, au ulipima umelala na unafanya umesimama. Rudi Hatua ya 3.

Ikiwa paja lilikua mwezi wa kwanza na sasa limesimama, huenda umebaki kwenye kilo zilezile. Rudia hesabu ya Hatua ya 5 kila wiki 2 au 3.

## Lini kuuacha mkanda

Mkanda ni wa kipindi ambacho mzigo mkubwa haubebeki. Kiungo kikianza kuvumilia, ingiza siku moja ya uzito wa kawaida kwa wiki, asilimia 50 ya uzito wa juu, marudio 10 hadi 12. Asubuhi inayofuata ikipita bila uvimbe, ongeza hadi 60, kisha 70, huku siku za mkanda zikipungua kutoka tatu hadi mbili, hadi moja. Anayerudi kwenye soka au mbio asirudi kwa sababu ya sentimita za paja pekee: nguvu ya mguu ulioumia ifike angalau asilimia 90 ya ule mzima kwenye mashine ileile, pembe ileile, siku ileile.